UZI: Kodi ya vitu vya wote ianzie kwenye ploti za mjini, si kwenye kikapu cha mama mboga

MwanaSaiba (Kondele, Kisumu)

Wakuu, kila bajeti ikisomwa tunagombania viwango. VAT iwe ngapi, tozo ya nyumba iwe ngapi, SHIF ya bima ya afya iwe ngapi. Swali la nani analipa, na analipia kitu gani, halipewi hata dakika tano. Mimi kazi yangu ni kuwajazia watu ritani za KRA, yaani mamlaka ya mapato, kwa hiyo naziona hesabu za wadogo kwa karibu. Hoja yangu ni moja: pesa za kugharamia vitu vya wote zianze kutoka kwenye ardhi ya mjini, ndipo zifuate mishahara na faida. Ushuru wa kila siku wa sokoni uwe wa mwisho kabisa, na ukifa sitaulilia.

Mchukue mama anayeuza nyanya na sukuma pale soko la Kibuye. Sitaji bei ya kaunti yoyote, tuseme tu tiketi ya ushuru wa soko ni shilingi 30 kwa siku. Akifanya siku 26 kwa mwezi ni 780, kwa mwaka 9,360. Tuseme anauza 2,000 kwa siku, na akishatoa nauli ya mzigo na nyanya zilizopondeka, anabaki na 400. Kwa mwaka hiyo ni faida ya 124,800. Tiketi peke yake imekula asilimia 7.5. Na siku ile mvua inanyesha hadi jioni na anarudi nyumbani na mzigo wake, tiketi alishakatiwa asubuhi na kanjo, yaani askari wa kaunti, aliyekuja na mwavuli.

Sasa mlinganishe na karani anayelipwa 24,000 kwa mwezi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani 2,400. Halafu kila mlipa kodi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Jibu ni sufuri. Hata kodi ya mauzo ya KRA, ile ya asilimia 3, haimgusi mtu ambaye mauzo yake hayafiki milioni moja kwa mwaka, na mama yetu yuko kwenye 624,000. Serikali kuu imemwangalia ikasema huyu ni mdogo, mwacheni. Kaunti imemwangalia ikasema lete thelathini.

Kutoka hapo tembea kidogo tu kuelekea Mamboleo uone ploti zilizozungushiwa mabati, nyasi kiunoni, mwenyewe hajapigilia hata msumari. Barabara ilipanuliwa, flyover ikajengwa Kondele, taa zikawekwa, bei ya ploti ikapanda. Nani alilipia barabara? Sisi sote, akiwemo mama wa nyanya kila anaponunua sabuni au kupanda matatu. Nani kavuna? Aliyekaa akangoja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inazitajia kaunti kodi mbili kwa majina: ya ardhi na majengo, na ya burudani. Zaidi ya hapo ni kodi nyingine ikiwa Bunge litaziruhusu kwa sheria, na ada za huduma. Yaani ile kodi nzuri kuliko zote wamepewa mkononi, lakini wanakimbizana na wenye vikapu. Sababu si siri: mwenye kikapu hana wakili, na kumkimbiza hakuhitaji mthamini wala ramani.

Ardhi ina sifa moja ambayo hakuna kodi nyingine inayo. Haikimbii. Ukipandisha ushuru wa bia watu wanahamia chang'aa. Ukipandisha wa mafuta nauli inapanda hadi Siaya. Ukitoza ploti, ploti inabaki palepale, na mwenyewe anaanza kuwaza kama ajenge au auze. Miji yetu mingi kwa miaka imekuwa ikitoza thamani ya kiwanja bila kuhesabu jengo, jambo zuri sana, maana aliyejenga haadhibiwi kwa kujenga. Ubovu uko kwenye orodha za uthamini. Nairobi ilikaa na orodha ya miaka ya 1980 hadi juzijuzi hapa. Bei ya ploti ni ya leo, kodi ni ya enzi za Moi. Mwishoni mwa 2024 Bunge limetupa sheria mpya ya kitaifa ya kodi za viwanja kuchukua mahali pa zile za zamani, lakini sheria bila wathamini ni karatasi.

Karibuni. Matusi pelekeni kule kwenye uzi wa siasa.

---

ZinaliwaTu

Zinaliwa tu. Hata watoze mawingu.

---

BodaWaKisian

Mimi sina ploti wala karatasi ya mshahara, lakini msidhani silipi. Tangu Julai 2024 tozo ya ukarabati wa barabara ni shilingi 25 kwa kila lita, awali ilikuwa 18. Juu yake kuna 5.40 ya maendeleo ya petroli, kuna ushuru wa bidhaa, na VAT ya asilimia 16 ambayo kabla ya Julai 2023 ilikuwa 8. Siku ya kazi nzuri nachoma lita tatu. Hiyo 25 tu ni 75 kwa siku, mara mbili na nusu ya tiketi ya huyo mama wako, na hakuna anayenipa risiti.

Sikatai kulipia barabara, kwa kweli kati ya kodi zote hii ndiyo naielewa, anayeendesha zaidi analipa zaidi. Shida yangu ni barabara yenyewe. Ya lami inawekwa viraka kila mara. Ile ya kuingia ndani kijijini, ambako ndiko napata wateja, ikinyesha nabeba pikipiki badala ya pikipiki kunibeba.

---

MwalimuLurambi

Mleta uzi, nakuunga mkono ila umemfanya huyo karani wa 24,000 aonekane yuko likizo. PAYE ni sufuri, sawa. Lakini SHIF ni asilimia 2.75, kwake 660. Ya nyumba asilimia 1.5, 360. NSSF ya pensheni bado. Huyo karani ameshaachia zaidi ya elfu moja kabla hajanunua unga, na hizo zinakatwa mwezi hadi mwezi, iwe shule imefungwa au imefunguliwa.

Hapohapo nikiri jambo ambalo walimu wenzangu hawapendi kulisikia. Enzi za NHIF, bima ya afya iliyotangulia SHIF, aliyepata laki moja na aliyepata laki tano wote walikatwa 1,700. Leo wa laki tano anakatwa 13,750. Mimi wa 60,000 nimetoka 1,300 nikaenda 1,650. Kwa haki ya kugawana mzigo, hii ya sasa ni bora. Ninacholilia ni kufika kaunta ya hospitali na kuambiwa mfumo uko chini, rudi kesho.

---

MwanaSaiba

@MwalimuLurambi hapo umeongeza nyama. Kwa hiyo tuseme mwenye mshahara anatozwa kwa asilimia, mwenye kikapu anatozwa kwa kichwa, mwenye ploti tupu anatozwa kwa hiari yake.

@ZinaliwaTu sibishi kwamba zinaliwa. Lakini kutolipa hakujawahi kumnyima mlaji chakula, anaanza kula vya wengine. Juni 2024 tuliukataa Mswada wa Fedha, vijana wakaingia barabarani hapa Kisumu, Nakuru, Kakamega, rais akakataa kuutia sahihi. Na mimi nilikuwa upande huo, ule wa VAT kwenye mkate ulikuwa dharau. Baada ya hapo serikali ikakata wapi? Mgao wa kaunti zote 47 ulishuka kutoka bilioni 400.1 hadi 387.4. Dawa za zahanati ziko humo. Ndiyo maana nasema tusiishie kwenye kukataa, tuseme tunataka itozwe wapi.

---

PlotiZangu (Nakuru)

Sasa na mimi mwenye nyumba niseme, naona tumefanywa wezi humu.

Kuna mama jirani yangu huku Section 58, mjane, mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumba ni ya mawe ya zamani, uwanja mkubwa, miti ya matunda. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021 na madalali wanamgongea geti kila wiki. Kwa karatasi ni tajiri. Mfukoni ana pensheni ambayo haitoshi hata umeme. Ukimtoza kwa thamani ya leo unamfukuza kwa heshima. Umemfikiria?

La pili, mnajidanganya kwamba mwenye ploti ndiye atakayelipa. Kaunti ikinipandishia, nami napandisha kodi ya nyumba kule Kaptembwo. Mpangaji wa singo, yaani chumba kimoja, ndiye atakayewalipia hizo taa.

---

MwanaSaiba

@PlotiZangu hoja zako ndizo nilizokuwa nazingoja.

La pili kwanza. Kama ungeweza kupandisha kodi ya singo kesho na wapangaji wakabaki, ungekuwa umeshapandisha jana. Kinachokuzuia si huruma, ni vyumba vilivyo wazi kwa jirani. Kodi ya kiwanja inatozwa kwa mwenye vyumba ishirini na kwa mwenye nyasi sawasawa, mradi viwanja vinalingana. Mwenye nyasi akibanwa atajenga, vyumba vitaongezeka, na wewe utapunguza bei kwa shingo upande. Kodi ya jengo ndiyo humwangukia mpangaji, maana inafanya watu waogope kujenga.

Mjane ni suala halali na lina njia. Deni lake liandikwe kwenye hati ya ardhi na lisidaiwe akiwa hai na anaishi hapo. Siku nyumba inauzwa, au warithi wanapogawana, kaunti inachukua chake kwanza. Hafukuzwi mtu. Wala kumhurumia yeye kusiwe sababu ya kuwasamehe wenye ekari za kungojea bei.

---

PlotiZangu (Nakuru)

Warithi watakutafuta huko Kondele. Lakini hilo la deni kwenye hati naweza kulisikiliza. Na serikali kuu je? Ina ardhi nzuri kuliko yetu sote katikati ya miji, na malipo yake kwa kaunti ni hadithi za mwaka hadi mwaka. Aanze mwenye nguvu.

---

ChweleSokoni (Bungoma)

Hapa kwetu jaribuni kutamka "kodi ya ardhi" kwenye baraza muone viti vitakavyoruka. Ardhi ni makaburi ya baba na babu. Vihiga huko mtu ana robo ekari, ng'ombe mmoja, migomba, na kaburi mbele ya mlango. Utamthamini vipi?

Na mjue pembeni mwa miji mambo yamechanganyika. Mtu alikuwa mkulima wa mahindi, mji wa Bungoma ukamfuata hadi Kanduyi, leo shamba lake linaitwa ploti kwenye ramani. Hakuomba.

---

MwanaSaiba

@ChweleSokoni shamba la kijijini liachwe. Nasema mjini, na hapo nasisitiza. La mkulima aliyefuatwa na mji ni gumu kweli: mimi ningesema akiwa analima, atozwe kama mkulima, yaani kidogo sana au asitozwe, na siku akikata ploti za futi hamsini kwa mia auze, hapo kodi inaamka. Kuna wajanja watapanda mistari minne ya mahindi katikati ya jiji wajiite wakulima. Nawajua. Kaunti itahitaji macho.

---

NyarAhero

Mnazungumza taa na barabara, mimi niwapeleke kwetu. Mto Nyando ukivimba, tuta likikatika, maji hayaulizi nani amelipa. Yanaingia kwa chifu, kwa mwenye mpunga, kwa kanisa. Mwaka huu yanaingia kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Hakuna mtu anayeweza kujijengea tuta lake peke yake, na hata akijenga, amewajengea na majirani ambao hawakutoa senti. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Ndiyo maana tunahitaji kodi, si harambee.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema "kila huduma ijilipie", nashangaa. Choo cha stendi kinaweza kujilipia, unatoa kumi unaingia, hukutoa unabana. Mulika mwizi, ile taa kubwa ya mlingoti, utailipishaje? Ukiiwasha inammulikia aliyelipa na ambaye hajalipa, na mwizi pia. Dawa ya kupulizia mbu vilevile. Ada ni za vitu vyenye mlango.

---

BodaWaKisian

@NyarAhero "vitu vyenye mlango" 😂😂 naiba hiyo.

---

ZinaliwaTu

Nyar Ahero, hilo tuta limejengwa mara ngapi kwenye karatasi? Ndiyo hoja yangu. Nipeni kodi ambayo haipiti mikononi mwa mtu mwenye tumbo, nitalipa leo.

---

MwalimuLurambi

@ZinaliwaTu iko moja inakaribia. Zamani hospitali ya umma ikikusanya pesa, zote zilipelekwa kwenye akaunti kuu ya mapato ya kaunti, zirudi zikirudi. Daktari mkuu anaomba glavu kwa barua. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu hospitali na vituo vya afya vya umma vibaki na mapato yao na kuyatumia palepale. Mama aliyelipia kadi asubuhi anaweza kuuliza jioni kwa nini hakuna pamba. Pesa ikikaa karibu na aliyeitoa, mwizi anaonekana mapema.

Ningependa masoko yafanyiwe hivyohivyo. Ushuru wa Kibuye ununue maji na mifereji ya Kibuye, na hesabu ibandikwe ukutani.

---

NyarAhero

Mwalimu, hapo ndipo tunapoachana. Ukifunga kila shilingi mahali ilipotoka, Kibuye itapata vigae na Nyando itapata pole. Soko kubwa lina mapato, bonde la mafuriko halina cha kukusanya. Watu wa Kano watatozwa nini, viboko?

---

MwanaSaiba

Nyote wawili mna sehemu yenu. Ada, kwa maana ya pesa ya kitu chenye mlango, ifungwe palepale. Kodi ya ardhi iende mfuko mkuu ili iwafikie wasio na cha kukusanya. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda hii ya ploti: inatoka palipo na utajiri wa mji na inaweza kutembea hadi Ahero bila kumkaba mtu wa Ahero.

---

MwanzaMwaloni

Jirani zenu wa ng'ambo ya ziwa tunawasoma. Sisi Julai 2021 tuliletewa tozo ya miamala ya simu. Nia waliyotaja ilikuwa nzuri, madarasa na vituo vya afya. Lakini ukimtumia mama dawa ya elfu hamsini unakatwa, naye akitoa anakatwa. Watu wakarudi kutuma bahasha kwa makondakta wa mabasi. Septemba mwaka uleule ikashushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikashushwa tena. Uganda nao waliwatoza watu 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii kuanzia 2018, watu wakajificha kwenye VPN, 2021 wakabadilisha wakatoza bando.

Kodi ya kitu ambacho mtu anaweza kukiacha, ataacha. Mleta uzi kwa ardhi uko sahihi.

---

BodaWaKisian

Na sisi M-Pesa tunatozwa, ushuru ulitoka 12 ukaenda 15 mwaka 2023. Mwaka huohuo wa benki ukashuka kutoka 20 hadi 15. Mwenye benki alipunguziwa, mwenye simu ya kabambe akaongezewa. Endeleeni.

---

MzeeWaGem

Vijana, nimesoma kimya. Msijadili kodi za upande huu wa nchi kana kwamba zimeanza na iTax ya KRA.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na kodi ya kibanda ikaanza miaka hiyohiyo. Haikuwa ya kujenga zahanati yenu. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtoa mwanamume nyumbani akafanye kibarua kwa mzungu, kwa sababu rupia hazikuota Kavirondo, kama walivyoiita Nyanza hii. Mwenye wake watatu ana vibanda vitatu, analipa mara tatu. Baada ya vita vya kwanza wakaipandisha hadi shilingi 16. Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha, hapa Gem, wakiongozwa na akina Jonathan Okwiri waliosoma Maseno, wakasema imetosha: kodi, kipande (kile kitambulisho cha kazi cha mkoloni), kazi za lazima. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12. Mwaka 1923 chama chao, chini ya mmishonari Archdeacon Owen, kikaitwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Angalieni jina hilo. Hawakujiita wakataa kodi. Walijiita walipa kodi, na wakadai kuuliza.

Kwa hiyo @ChweleSokoni, wazee wakiruka kwenye baraza wana kumbukumbu. Yeyote anayetaka kutoza ardhi aje na hesabu ya kile kitakachojengwa, kwa jina na mahali, kabla ya kuja na kiwango.

---

PlotiZangu (Nakuru)

Mzee, shikamoo. Hilo la mwisho liwekwe kwa maandishi makubwa. Nionyeshe mfereji wa maji ya mvua utakaopita mbele ya geti langu na nitakuonyesha M-Pesa.

---

MwanaSaiba

Marahaba atajibu mzee mwenyewe. Mimi niende kwenye kazi.

Kila kaunti hupitisha Mswada wake wa Fedha ndani ya siku 90 baada ya bunge la kaunti kuidhinisha matumizi ya mwaka. Humo ndimo bei za tiketi, vibali vya biashara na kodi za viwanja zinapoandikwa, na kabla haujapita lazima wananchi waulizwe. Tangazo hubandikwa mahali ambapo hakuna mtu hupita, ukumbini wanaletwa watu wa soda na fulana, na sisi wenye maneno tuko huku mtandaoni. Safari hii nataka tupeleke maoni kwa maandishi. Nimeandika hivi, rekebisheni:

"Sisi wakazi tunaomba, kwanza, ushuru wa kila siku wa sokoni usitozwe kwa muuzaji asiye na kibanda cha kudumu, na anayetozwa alipe kwa mwezi, apunguziwe siku ambazo hakufungua. Pili, kaunti ithamini upya viwanja vya mjini na ibandike orodha hiyo katika kila ofisi ya wadi. Tatu, mwenye nyumba anayeishi kwake na kipato chake ni kidogo aruhusiwe kuahirisha, deni liandikwe kwenye hati. Nne, mapato ya ziada yaorodheshewe miradi kwa majina na mahali kabla kiwango hakijapitishwa."

---

NyarAhero

Kwenye la nne ongeza "ikiwemo miradi iliyo nje ya mji". Bila hiyo hatuweki sahihi.

---

PlotiZangu (Nakuru)

Na kati ya pili na tatu weka ardhi za serikali kuu zithaminiwe kwenye orodha hiyohiyo, deni lake lionekane. Mkikubali hilo nachukua nakala ya kupeleka huku Nakuru.

---

MwanaSaiba

Yote mawili yameingia. Nakala zitachapwa hapa saiba bila malipo, anayetaka aje na kitambulisho. @BodaWaKisian utabeba za Kisian na Maseno?

---

BodaWaKisian

Nabeba. Mafuta nani analipa?

---

ZinaliwaTu

Niandikieni mimi mia mbili ya mafuta. Na nataka risiti.